Soma mita kabla hujalala

Nina nyumba ya wageni Jambiani, Unguja, vyumba 9 na jiko linalopikia wageni pamoja na wapita njia. Kwa miaka 4 ya mwanzo nilikuwa na hakika kwamba maji yangu yanamalizwa na wageni. Wanaoga wakitoka baharini, wanaoga kabla ya kula, wanaoga kabla ya kulala. Kila boza lililokuja kunijazia tangi niliwahesabia wao. Naandika haya kwa mwenzangu mwenye hoteli, mkahawa, saluni au kazi ya udobi ambaye naye ana mtu wa kumtupia lawama, kwa sababu mimi nilipopima nilikuta nimewasingizia.

Nilimwita fundi bomba akanifungia mita ndogo, yangu mwenyewe, kwenye paipu inayotoka tangini. Namba yake nikaisoma saa 4 usiku, jiko limeshafungwa, nikaisoma tena saa 11 alfajiri kabla mtu hajagusa mfereji. Usiku ule nilikuwa na wageni 5. Mita ilisogea lita 640. Nikapiga hesabu: kila mgeni avute choo mara 2, kila mara lita 9, jumla lita 90. Lita 550 zilizobaki hazikuwa na mwenyewe. Ukiiendeleza hesabu hiyo usiku na mchana unafika karibu lita 1,900, yaani tangi langu la lita 5,000 lingekauka chini ya siku 3 bila ya mgeni hata mmoja.

Kuvitafuta vyoo vinavyovuja hakutaki fundi. Chukua rangi ya biriani, tia kidogo ndani ya tangi la choo, usivute, kaa nusu saa. Ukiona rangi imeshuka kwenye bakuli, mpira wa chini umekufa. Vyoo 3 kati ya 9 vilitoa rangi. Mipira mipya niliinunua mjini, na bei yake haifiki hata robo ya bei ya boza moja.

Lakini usiku uliofuata mita bado ilikimbia. Tukafunga valvu moja moja mpaka tukajua ni paipu iendayo jikoni, nayo imepita chini ya ardhi kando ya mpapai. Mpapai ule tulikuwa tukiusifu sana. Ulizaa mwaka mzima, hata kaskazi, wakati mipapai ya jirani imekunja majani. Tulipochimba tukakuta paipu imepasuka kwenye kiungo na mchanga wote umelowa. Huku kwetu maji yanayovuja hayatuami juu ukayaona. Ardhi ni mawe ya matumbawe yenye matundu, yanazama moja kwa moja. Kwa hiyo usingoje kuona dimbwi ndipo uamini kwamba una uvujaji. Angalia mti unaostawi kupita wenzake.

Baada ya hapo nikaweka daftari. Kila siku namba mbili na idadi ya wageni, basi. Kijana anayeangalia pampu ndiye anayeandika, na siku namba ikipanda bila sababu ananipigia kabla hata sijaamka. Ukitaka kufanya jambo moja tu katika yote ninayoyasema, fanya hili.

Jikoni nilishughulika zaidi kuliko nilivyotarajia. Pweza tunamgandisha ili alainike, halafu kila siku saa 5 za asubuhi tulikuwa tunamyeyusha chini ya mfereji unaotiririka. Siku moja nikaweka ndoo chini. Dakika 20, mfereji nusu wazi, ndoo 9 za lita 10, kwa pweza wawili. Sasa anatolewa kwenye friza usiku na kuwekwa chini kwenye friji, asubuhi yuko tayari, na kwa usalama wa chakula ndivyo inavyotakiwa pia. Vyombo tunaosha kwa mabeseni mawili, la sabuni na la suuza. Wapishi walininunia wiki nzima, na sikuwalaumu, maana ni kweli kazi ilikuwa polepole mpaka mikono ilipozoea.

Mahali pa wafanyakazi kutawadhia palikuwa na mfereji unaoachwa wazi tangu mtu anasukutua mpaka anamaliza miguu. Tulikinga: lita 6 kwa mtu mmoja. Wote tunajua tangu chuo cha Kurani kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa pishi moja. Kibaba hakifiki lita. Nikanunua mabirika 4 nikayapanga pale. Sikutoa hotuba, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Kwa wageni, pima bomba la mvua la bafuni kwa ndoo na saa ya simu. Langu lilijaza ndoo ya lita 10 kwa sekunde 40, ambayo ni lita 15 kwa dakika. Nikabadilisha vichwa vyote kwa vile vinavyochanganya hewa na maji, na sasa ndoo ile inachukua sekunde 80. Hajatokea mgeni aliyelalamika, kwa sababu nguvu ya maji mwilini anaisikia ile ile. Shuka na taulo hatubadilishi kila siku ila mgeni akitaka, na maji ya suuza ya mwisho ndiyo yanayopiga deki barazani. Kwenye matangi ya vyoo vya zamani nimezamisha chupa ya lita moja na nusu iliyojaa maji. Usitie tofali, linamumunyuka na kuziba.

Sasa mvua. Nyumba zangu za kulala zimeezekwa makuti, na maji ya makuti yana rangi na takataka, hayafai kukinga. Jiko na ofisi zina bati, mita za mraba 90. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo mvua ya milimita 20, ambayo wakati wa masika si mvua ya ajabu, inaniletea karibu lita 1,800. Maji ya mwanzo yaache yamwagike, yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe na mdomo utiwe wavu, la sivyo unafuga mbu. Nayatumia kufulia, na hapo kuna faida ambayo sikuijua: maji ya kisima yetu yamepita kwenye mawe ya chokaa, sabuni haitoi povu. Ya mvua yanatoa povu mara moja. Sabuni ya unga tunayonunua imepungua, na hita ya maji haigandi magaga ya chokaa kama zamani.

Yote hayo nilianza kwa ajili ya mfuko wangu. Kisima ndicho kilichonibadilisha.

Nyuma ya uwanja wangu anakaa bibi mmoja ambaye kisima chake kilikuwapo kabla ya hoteli yoyote pale. Mwezi wa Januari mmoja nilimpitia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kaa nikupe chai, lakini utaistahamilia. Kisima kimegeuka, chai yangu imekuwa ya chumvi."

Niliinywa. Ilikuwa ya chumvi kweli. Na pampu yangu, usiku na mchana, ilikuwa inavuta hatua 60 kutoka pale alipokaa.

Maji matamu ya Unguja kwa sehemu kubwa yako chini ya ardhi, na karibu na pwani yameelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Wataalamu wa maji wana kanuni yao: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari imebebwa na mita kama 40 za maji matamu chini yake. Geuza hesabu hiyo uone. Ukishusha kidogo juu, chumvi inapanda sana chini. Na sisi watu wa hoteli tunavuta kwa nguvu hasa Disemba mpaka Februari, vuli imeshapita, masika haijafika, vyumba vimejaa. Chumvi ikishaingia haitoki kwa mvua moja.

Nilichofanya ni kuondoa pampu kubwa na kuweka ndogo, inayovuta taratibu, vipindi vifupi vifupi kwa siku, badala ya kukiminya kisima kwa saa 2 mfululizo. Lita ni zile zile, ila kisima kinapata kupumua na chumvi hainyanyuki kwa pupa. Bustani nimeing'oa majani ya kizungu nikapanda shubiri na mikadi, na mimea inayobaki inamwagiliwa baada ya Alasiri tu. Maji ya karo, yaani shimo la maji machafu, nimeyahamishia upande wa mbali na kisima cha bibi, maana mawe yale yale yanayopitisha maji ya mvua yanapitisha na uchafu.

Kisima chake bado kinageuka kaskazi ikikaza. Hakitumiwi na pampu yangu peke yake, ardhi ni moja. Mwaka huu nimewafuata wenye hoteli wawili jirani, nikiwa na daftari langu mkononi, kuwaomba tupeane zamu za kuvuta: mmoja alfajiri, mmoja mchana, mmoja usiku. Mmoja amekubali. Wa pili ameomba kwanza nimpelekee yule fundi amfungie mita.