Maswali ya wasomaji: Hiki kilele cha digrii 33 kimetoka wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeweka utando wa oksidi ya chuma, unene nanomita 30, juu ya wefa (kisahani chembamba cha fuwele moja) ya silikoni iliyokatwa kwa uelekeo wa (100). Nimepima kwa eksirei ya shaba, mashine ikachora nguvu ya mwale kwa kila pembe unayopindia, nikapata kilele kimoja chembamba na kikali kwenye digrii 33, zaidi ya hapo ni kile kikubwa cha silikoni kwenye 69 tu. Hematiti (aina mojawapo ya oksidi ya chuma) kilele chake kikuu kiko 33.15, kwa hiyo nimeandika ni hematiti iliyojipanga upande mmoja. Msimamizi wangu kakataa, anasema hiyo ni silikoni, lakini mbona wefa tupu nilipima na kilele hakikuwepo? Nani mkweli hapa?

Jibu: Marahaba. Msimamizi wako ndiye mkweli, pole. Anza na upana wa hicho kilele. Utando wa nanomita 30 una tabaka chache mno za kuleta kilele chembamba, kwa eksirei ya shaba upana wake lazima ufike karibu digrii 0.3 hata utando uwe mzuri namna gani. Kilele chembamba kinataka fuwele kubwa, na fuwele kubwa pekee hapo kwenye mashine ni wefa yenyewe.

Najua utasema vitabu vinasema silikoni 200 (kilele cha familia ya tabaka za atomu iitwayo 200) imekatazwa, yaani mawimbi ya nusu moja ya atomu yanafutana na ya nusu nyingine. Ni kweli ila katazo hilo ni la mwale uliogonga mara moja tu, mwale ukigonga familia moja ya tabaka ukapinda halafu ukagonga familia nyingine kabla haujatoka unaweza kuibukia upande uleule ambao 200 ingetokea, na ditekta haiwezi kujua ulipitia wapi. Mwanafizikia Renninger alilionyesha hili tangu 1937 kwenye almasi, ambayo atomu zake zimejipanga sawa na za silikoni. Sehemu ya hiyo 200 ya silikoni kwa shaba ni digrii 32.96. Tofauti na hematiti ni digrii 0.2 tu, sampuli ikikaa juu au chini kidogo ya pale inapotakiwa hiyo tofauti inaliwa yote, ndiyo maana uhakikishe kwanza kile kikubwa cha silikoni, kiitwacho 400, kimesoma 69.13 kabla hujasoma kingine chochote.

Sasa wefa tupu. Hapa ndipo wengi wanaponaswa, maana hiyo njia ya kugonga mara mbili inafunguka wefa ikiwa imezungushwa kwenye pembe fulani fulani tu. Wefa tupu uliiweka kwa mzunguko mwingine, njia ikafungwa, kilele hakuna. Rudisha sampuli yako, izungushe palepale ilipolala digrii chache tu, upime tena. Kilele kikishuka sana au kikipotea kabisa, kesi imeisha, kwa sababu cha utando hakingejali mzunguko huo.

Kikigoma kuondoka bado usishangilie. Kama mashine yako inapitisha nusu ya urefu wa wimbi la shaba, basi silikoni 400 kwa hilo nusu-wimbi inaangukia palepale pa 200, na kuzungusha hakutasaidia. Hapo shusha volti za tyubu hadi kilovolti 15. Fotoni za nusu-wimbi zinahitaji kilo-elektronivolti 16.1 kwa hiyo tyubu haiwezi kuzitoa tena, utabaki na mwale wa kawaida, hafifu lakini safi. (Sijui kwa nini watu wanaogopa kugusa hiyo volti, wanaikuta 40 wanaiacha 40.)

Na hematiti yako huenda ipo kweli! Piga kwa pembe ya chini kabisa, nusu digrii hivi, mwale ulale kwenye utando usizame kwenye wefa, halafu tafuta na kile kilele cha pili cha 35.6.

Swali: Habari za kazi. Kwenye muundo wa fuwele nilioupata kwa eksirei bondi ya metali na oksijeni imetoka ndefu kuliko kawaida, na takwimu zote ni nzuri, R (kipimo cha tofauti kati ya muundo na vipimo) iko chini. Je, naweza kusema ni aina mpya ya molekuli?

Jibu: Nzuri dada. Subiri kwanza nikupe kisa cha molibdenamu. Miaka ya 1970 kemia iliamini kuna molekuli moja yenye sura mbili, ya bluu na ya kijani, tofauti yao ikiwa bondi ya molibdenamu na oksijeni tu: angstromu (sehemu ya kumi ya nanomita) 1.68 kwenye bluu, 1.80 kwenye kijani. Nadharia zikaandikwa kuieleza. Mwaka 1991 kundi la mwanakemia Parkin likaonyesha kwamba ile ya kijani ni ile ile ya bluu iliyochanganyika na kiwanja cha njano chenye klorini mahali pa oksijeni. Bluu na njano jamani, rangi zenyewe zilikuwa zinasema!

Eksirei inakupa wastani wa seli zote za fuwele, haikupi molekuli moja moja. Klorini inakaa mbali zaidi, kama angstromu 2.4, sasa ukiilazimisha programu iweke oksijeni moja tu pale, inaisukuma nje kidogo ili itosheleze wastani, R inabaki nzuri na wewe unafurahi. Angalia umbo la hiyo oksijeni, kama limevutika kufuata bondi, basi shuku. Halafu tengeneza fuwele upya kutoka kwenye mchanganyiko uliosafishwa vizuri, bondi ikibadilika kutoka fuwele moja hadi nyingine ujue unapima uchafu.

Swali: Mkuu, kwa hiyo kila kitu cha ajabu ni kosa la mashine? Vipi kuhusu Shechtman, aliyegundua fuwele zisizojirudia akabishiwa?

Jibu: Hapana. Tarehe 8 Aprili 1982 aliona mpangilio wa nukta kumi, ambao fuwele ya kawaida haiwezi kuutoa, kwenye aloi ya alumini na manganisi, na mwanakemia Pauling aling'ang'ania kuwa ni fuwele pacha zilizoshikana. Shaka hiyo ilikuwa halali kabisa, mimi mwenyewe ningeuliza hivyohivyo. Ila inapimika: mwale wa elektroni ukiubana uguse kasehemu kadogo sana, pacha zinatengana na unapata nukta za kawaida, na za Shechtman hazikutengana. Nobeli ya kemia akapewa 2011.

Swali: Nina mabaki ya elektroni (msongamano ambao muundo wangu haujaueleza) angstromu 0.8 kutoka kwenye iodini. Niweke hidrojeni?

Jibu: Usiweke. Hakuna hidrojeni inayokaa karibu hivyo na iodini, hayo ni mawimbi ya hesabu iliyokatwa kabla ya mwisho, au marekebisho ya unyonyaji (kusahihisha eksirei zinazomezwa na fuwele yenyewe) hayakukaa sawa. Rudia marekebisho ya unyonyaji kwanza, ukiingiza sura halisi ya fuwele yako.