Mkuu uliyeandika kutoka Newala, hiyo antibayotiki usinunue!

Umeandika pua imeziba tangu wapulize salfa kwenye mikorosho, harufu husikii, dozi mbili hazijasaidia, sasa unataka jina la antibayotiki "kali zaidi" na kujua kama ukihamia Mtwara mjini utapata nafuu. Jina sikupi.

Mimi ni wa Masasi, nimeshapita huko. Kijana wa duka la dawa, Mungu anamwona, kila nikirudi ananiambia bakteria wamekomaa, tupandishe. Amoksilini, sipro, azithromisini, hadi sindano. Hela ya mnada wa korosho ikaishia dirishani kwake, tumbo likawa linaendesha, pua ile ile. Bati za nyumba yake nadhani zimetoka puani kwangu. Siku moja ng'onda ziliungua, moshi nyumba nzima, na mimi nimekaa hapo hapo jikoni nachezea simu, pua hainusi kitu. Mke wangu mpaka leo anaamini nilifanya makusudi.

Daktari wa masikio, pua na koo alimulika tu ndani akaviona: vinyama pande zote mbili, vyeupe-kijivu, vinang'aa kama nyama ya dafu. Polipu. Kumbe sinusaitisi, yaani uvimbe wa pua na matundu ya mifupa ya uso yaliyoizunguka, ikipita wiki 12 ni sugu, na ya namna hii kinachoiendesha ni kinga ya mwili wako mwenyewe. Chembe nyeupe ziitwazo eosinofili zinaitwa na kemikali kama intalukini-5, zinajazana kwenye utando wa pua, utando unavimba, kamasi halikauki. Sasa sipro itamuua nani hapo?

Nilipewa steroidi (dawa ya kushusha uvimbe) ya kupuliza puani, mometasoni, kila siku, na kusukutua pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Elekeza mdomo wa chupa upande wa sikio, usipulize ukuta wa katikati, utatoka damu. Na usiache siku ya nne ukasema haifanyi kazi! Inataka wiki kadhaa.

Halafu kama una pumu, au kifua kinabana ukimeza aspirini au diklofenaki, mwambie daktari kabla ya yote. Polipu, pumu na aspirini kwa baadhi yetu vinakwenda pamoja, na hapo unaweza kukosa pumzi kwa kidonge cha kichwa.

Kuna mtu amekumulika puani, ndiyo au hapana? Kama hapana, toka kwenye foleni ya hilo duka.