Maswali yenu kuhusu Chris Waddle: Turin, Marseille na penalti ile

Wiki iliyopita niliorodhesha penalti zilizopaishwa kwenye Kombe la Dunia, na jina lililozua maswali mengi kuliko yote ni Chris Waddle, winga wa England wa miaka ya 1980 na 1990. Yanayofanana nimeyaunganisha.

Ilikuwaje siku ile? Mimi nilikuwa sijazaliwa. (Msomaji, Mwanza)

Ni nusu fainali ya Italia 90, yaani Kombe la Dunia la 1990, tarehe 4 Julai, England na Ujerumani Magharibi mjini Turin. Siku tatu kabla, Waddle alikuwa kwenye kikosi kilichotuvunja mioyo Waafrika wengi kwa kuitoa Cameroon 3-2 kule Naples, kwa hiyo usidhani huku kwetu wote walimlilia.

Brehme wa Ujerumani alitangulia kufunga, Lineker wa England akasawazisha zikiwa zimebaki dakika kumi. Kinachosahaulika ni kwamba kwenye dakika za nyongeza Waddle aligonga mwamba. Mpira ule ungeingia, leo ungekuwa unaniuliza habari nyingine kabisa.

Zikaja penalti. Lineker, Beardsley na Platt walifunga za England. Stuart Pearce akapiga ya nne, ikagonga miguu ya kipa Illgner. Wajerumani walikuwa hawajakosa hata moja, wakaongoza 4-3, na Waddle akaenda kupiga ya tano akijua kwamba akikosa wamekwisha. Aliupiga kwa nguvu zote kwa mguu wa kushoto, mpira ukapita juu kabisa ya mtambaa wa panya. Alipojiinamia pale, mtu aliyekwenda kumpa pole alikuwa Lothar Matthäus, nahodha wa Ujerumani, wakati wenzake wanakimbia kushangilia.

Ni kweli alitoka kiwandani? Na alikuwa Newcastle au Sunderland? (Msomaji, Tanga)

Kiwandani ndiyo. Alizaliwa Desemba 1960 huko Felling, Gateshead, na alipokuwa akichezea Tow Law Town, timu ndogo ya ridhaa, alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha viungo vya chakula. Newcastle walimchukua mwaka 1980 kwa pauni 1,000. Akiwa na Kevin Keegan na Peter Beardsley waliipandisha timu daraja la kwanza mwaka 1984, na mwaka uliofuata Tottenham wakatoa pauni 590,000. Piga hesabu mwenyewe.

Swali la pili ndilo tamu. Moyoni ni Sunderland, tangu utotoni. Kwa watu wa kule hilo ni sawa na mtu wa Yanga kulelewa na Simba mpaka akawa nyota wao. Alikuja kuivaa jezi ya Sunderland mwaka 1997, akiwa na miaka 36, na katika mechi ya mwisho ya ligi kuchezwa Roker Park, uwanja wao wa zamani, Everton walipofungwa 3-0, bao moja lilikuwa lake, la mpira wa adhabu. Sunderland walishuka daraja msimu huohuo, lakini bao lile hakuna wa kumnyang'anya.

Nimeona video zake. Mbona anatembea kama mgonjwa? (Msomaji, Mombasa)

Ndivyo alivyokuwa! Mabega yameinama, kichwa chini, soksi zinashuka, unadhani ataomba kutolewa. Mabeki wengi waliingia mtego huo. Hakuwa winga wa mbio kama hawa wa siku hizi wanaosukuma mpira mbele na kuufukuza. Yeye alikuja na mpira taratibu hadi miguuni pa beki, akausimamisha, akainamisha bega upande mmoja na kupitisha mguu juu ya mpira. Beki akishahamisha uzito wa mwili tu, jamaa keshapita upande wa pili. Beki alipitwa akiwa amesimama, na hiyo inauma kuliko kushindwa mbio.

Tena alitumia miguu yote miwili, ingawa wa kushoto ndio uliokuwa mtamu zaidi. Kulia au kushoto, kwake sawa. Msimu wa 1986/87 pale Tottenham, Clive Allen alifunga mabao 49 katika mashindano yote, na nyuma yake walikuwepo Waddle na Glenn Hoddle wakimlisha. Hoddle huyohuyo ndiye aliyerekodi naye wimbo mwaka 1987 ukafika namba 12 kwenye chati za Uingereza. Na ndiyo, msomaji wa Arusha uliyeuliza kuhusu nywele zake, zilikuwa zile: fupi mbele, ndefu kisogoni. Tuendelee.

Kwa nini Wafaransa wanamheshimu kuliko Waingereza? (Wasomaji watatu: Nairobi, Dar es Salaam, Bujumbura)

Kwa sababu wao walimwona akiwa kwenye kilele chake, wiki baada ya wiki. Julai 1989 Bernard Tapie, tajiri wa Marseille, alitoa pauni milioni 4.5, fedha iliyowashtua watu wakati huo. Waddle alikaa misimu mitatu, na misimu yote mitatu Marseille wakawa mabingwa wa Ufaransa: 1990, 1991 na 1992. Mbele yake alikuwa Jean-Pierre Papin. Baadaye Abedi Pele wa Ghana alikuwa upande wa pili, na nyuma kulikuwa na Basile Boli, mzaliwa wa Abidjan. Sidhani kama kuna safu ya mbele ya klabu ya Ufaransa iliyonifurahisha kuliko hiyo ya Papin, Pele na Waddle.

Kilichomkwepa ni Kombe la Ulaya la klabu bingwa. Mwaka 1990 walitolewa nusu fainali na Benfica kwa bao la Vata, yule Muangola, na hadi leo ukimtajia mtu wa Marseille jina hilo atakuonyesha mkono wake, maana mpira uliingia kwa mkono.

Mwaka 1991 wakakutana na AC Milan kwenye robo fainali. Milan ya kocha Sacchi, ya Baresi, Maldini, Gullit na Van Basten, mabingwa wa Ulaya mara mbili mfululizo. Kule San Siro ilikuwa 1-1. Kwenye marudiano, robo saa ya mwisho, Papin aliurudisha mpira kwa kichwa ndani ya boksi na Waddle akaupiga kabla haujatua, kwa mguu wa kulia, ukavuka goli mpaka kona ya mbali. Mechi ikielekea ukingoni baadhi ya taa za uwanja zikazimika. Milan walikataa kurudi kumalizia, UEFA ikawapa Marseille ushindi wa 3-0 na kuwafungia Milan mwaka mzima kucheza mashindano ya Ulaya. Kwa wenyeji wa Marseille, Waddle ndiye aliyeiangusha Milan, na mashabiki walipochagua wachezaji bora wa karne wa klabu yao walimweka wa pili, nyuma ya Papin tu.

Fainali ilichezwa Bari dhidi ya Red Star Belgrade. Dakika 120 za usingizi, 0-0, kisha penalti. Manuel Amoros alikosa ya kwanza, Red Star wakashinda 5-3. Wanne wa Marseille walipiga, na Waddle hakuwa mmoja wao. Haujapita hata mwaka tangu Turin. Mimi simlaumu.

Kwa hiyo medali ya 1993 anayo? (Msomaji, Dodoma)

Hana. Boli alipoifunga Milan kwa kichwa na Marseille wakatwaa Kombe la Ulaya kwenye fainali ya Munich, akiunganisha kona ya Abedi Pele, Waddle alikuwa ameshaondoka mwaka mmoja kabla kwenda Sheffield Wednesday.

Mbona alicheza England mechi 62 tu? (Msomaji, Zanzibar)

Hapa hasira zangu hazijaisha. Bobby Robson, kocha wa England hadi Italia 90, alimwamini. Graham Taylor alipochukua timu baada ya Italia 90 alimpa mechi tatu tu, ya mwisho Oktoba 1991 dhidi ya Uturuki, akamfungia mlango akiwa hajatimiza miaka 31.

Sasa angalia alichofanya huku nje. Aprili 1993, nusu fainali ya Kombe la FA, dabi ya Sheffield iliyopelekwa Wembley: dakika ya kwanza tu Waddle akapiga mpira wa adhabu kutoka mbali, wavuni. Wednesday walifika fainali za vikombe vyote viwili vya ndani msimu huo wakafungwa zote na Arsenal, ile ya FA kwenye mechi ya marudio, Waddle akiwa amefunga, na bao la kuwaua likaja dakika za mwisho kabisa za nyongeza. Waandishi wa Uingereza wakamchagua mchezaji bora wa mwaka. Taylor akaendelea kumwacha nyumbani, na England haikufuzu Kombe la Dunia la 1994. Sisemi Waddle peke yake angewapeleka Marekani. Ila unapokosa mabao, halafu mchezaji bora wa ligi yako yuko kwake anaangalia televisheni, unamlaumu nani?

Alijaribu ukocha? (Msomaji, Kampala)

Msimu mmoja, Burnley, 1997/98, akiwa kocha na mchezaji kwa pamoja. Waliponea siku ya mwisho kushuka hadi daraja la nne, akaondoka. Baadaye akawa mchambuzi wa redio ya BBC, na huko maneno hayajawahi kumpungukia.

Nikitaka kutazama mechi moja tu, ipi? (Msomaji, Morogoro)

Wengi watakutuma kwa Milan. Mimi nakutuma Queens Park Rangers (QPR) ya London na Newcastle, Septemba 1984. Waddle alifunga mabao matatu kipindi cha kwanza, Newcastle wakaenda mapumziko wakiongoza 4-0. Matokeo ya mwisho: 5-5.