Uliza Shangazi: Mume kapata kazi Singapore, na sisi je?

Shangazi shikamoo. Mume wangu kapata ofa Singapore, mkataba wa miaka 2, mshahara dola 7,500 za kule kwa mwezi na kampuni imesema familia ruksa kufuata. Tuna watoto wawili, wa kiume ana miaka 9 na wa kike 4. Mi ni mhasibu nina miaka 11 kazini, sasa kila mtu ananiambia niandike barua ya kuacha kazi tuondoke, na mama mkwe tunaishi naye anataka twende wote. Hivi nikifika kule kazi nitapata? Na watoto watasoma wapi? Nikimuuliza sana mume naona atadhani simuungi mkono. – Mama Wawili

Marahaba mwanangu. Barua usiandike kwanza, na kama umeshaiandika iache kwenye droo mpaka umalize kusoma hapa. Hilo neno "familia ruksa kufuata" nimelisikia sana miaka yangu 6 ya kuhamahama Asia na watoto watatu, na maana yake ni kwamba mtaruhusiwa kuishi, basi. Kuishi na kufanya kazi kule ni vitu viwili tofauti kabisa.

Iko hivi. Mumeo ataingia na Employment Pass, yaani pasi ya kazi ya wataalamu wa kigeni, wewe na watoto mtaombewa pasi ya wategemezi, na anayewaombea lazima mshahara wake uwe angalau dola 6,000 kwa mwezi. Hapo mmepita. Mama mkwe ndo shida, wazazi wana pasi yao nyingine na hiyo inataka mshahara usiopungua dola 12,000, kwa hiyo hapo mlango umefungwa, anaweza kuja kuwatembelea tu kama mgeni. Mwambieni mapema tena mwanae mwenyewe ndo amwambie, isije ikaonekana we ndo umemkataa.

Sasa kazi yako. Zamani mwenye pasi ya mtegemezi akipata mwajiri alikua anaombewa barua ya ruhusa tu na maisha yanaendelea, wengi wanaokushauri sasa hivi wanaongelea enzi hizo. Tangu tarehe 1 Mei 2021 mambo yamebadilika, unatakiwa upate pasi ya kazi ya kwako mwenyewe kama mtu mwingine yeyote anayetoka nje. Na kwa kazi kama yako maana yake ni Employment Pass, ambayo kuanzia 2025 kiwango cha chini cha mshahara ni dola 5,600, ukiingia kwenye sekta ya fedha ni 6,200, afu kinapanda kadri umri unavyopanda, wa miaka 40 hawezi kuingia na mshahara wa kijana wa 23. Juu ya hapo tangu Septemba 2023 kuna mfumo wa pointi, wanaangalia mshahara, vyeti, na hata kampuni yenyewe ina mchanganyiko gani wa mataifa. Sisemi haiwezekani, wahasibu wanapata. Ila ukiacha kazi leo kwa kutegemea utapata nyingine ndani ya miezi miwili mitatu, utakaa kwenye ghorofa la kumi na nane unaangalia mvua. Anza kuomba kazi za kule ukiwa bado kazini kwako, au muulize mwajiri wako kama kuna likizo bila malipo, hata mwaka mmoja.

Shule ndo pale hesabu inapouma. Shule nyingi za kimataifa Singapore zinaanzia kama dola 20,000 kwa mwaka na zipo zinazopita 40,000, hiyo ni mtoto mmoja, bado ada ya usajili, bado basi la shule. Mumeo kwa mwaka anapata 90,000 kabla ya kodi. Sasa toa watoto wawili, toa nyumba, niambie mtakula nini. Za serikali zipo na ni nzuri mno, ila mtoto wa kigeni wa umri wa kijana wako anafanya mtihani unaitwa AEIS, anapimwa Kiingereza na hesabu, na akifaulu bado inategemea kama kuna nafasi, na shule hamchagui nyinyi. Hesabu zao sio mchezo. Mtihani mara nyingi ni Septemba au Oktoba na mwaka wa shule unaanza Januari, so mkihama mwezi wa tatu mtoto anaweza kukaa nyumbani muda mrefu sana. Huyu wa miaka 4 bado yuko chekechea, hapo mna muda wa kujipanga.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mumeo, na mumeo kuiuliza kampuni KABLA ya kusaini, ni moja tu: ada ya shule nani analipa? Zamani kampuni zilikua zinalipa shule, nyumba na tiketi za kwenda nyumbani kila mwaka, siku hizi wengi wanapewa mshahara mtupu na maneno matamu. Kama hawalipi wajadiliane. Na bima ya afya iandikwe humo humo, na iandikwe kwa familia nzima, maana sheria ya pale haimlazimishi mwajiri kumkatia bima ya matibabu mwenye Employment Pass, achilia mbali mke na watoto, na hospitali zao mgeni analipa bei kamili.

Nyumba sasa, na hapa naongea kwa uchungu. Mkichukua mkataba wa miaka 2 wa nyumba hakikisheni mna kile wanachokiita diplomatic clause, kifungu kinachowaruhusu kuvunja mkataba kama kazi imeisha au mmehamishwa, kawaida baada ya mwaka mmoja na taarifa ya miezi miwili. Sisi hatukukisoma. Kampuni ikafunga ofisi yake tukiwa mwaka wa pili wa mkataba, na mwenye nyumba akabaki na dipoziti yetu ya miezi miwili huku akidai kodi iliyobaki, tukaishia kusuluhishana kwa hasara. Kodi ya stempu ya mkataba mnalipa nyinyi wapangaji, ni asilimia 0.4 ya jumla ya kodi yote ya nyumba, hiyo haiumi sana.

Na jueni kabisa kwamba pasi zenu nyote zinaning'inia kwenye ya mumeo. Kazi ikiisha na zenu zinafutwa, kawaida mnapewa kama siku 30 za kumalizia mambo yenu, na mwajiri kisheria anazuia hela yake ya mwisho mpaka watu wa kodi watoe kibali. Yaani mwezi ule ule mnaohitaji hela za tiketi na mizigo ndo hela imeshikiliwa. Akiba ya miezi mitatu iwe kwenye akaunti kabla hamjapanda ndege.

Kadi za chanjo za watoto zitafute mapema, kwa mtoto wa miaka 12 kushuka aliyezaliwa nje wanataka uthibitisho wa chanjo ya dondakoo na surua kabla ya kutoa pasi. Nimeona familia imekwama kwa karatasi hiyo moja.

Kuhusu kumuogopa mume, mwanangu, kuuliza nani analipa ada sio kukosa kuunga mkono. Mpe haya maswali yaliyoandikwa kwenye karatasi, wanaume wengi wakifurahia ofa wanasahau hata wana watoto wangapi.

Shangazi, sisi tunaenda Tokyo, mke wangu ndo kapata kazi, mi nitafuata na binti wa miaka 8. Hajui Kijapani hata neno. Shule ya serikali itamuumiza? – Baba Binti

Itamchosha miezi ya mwanzo, hilo usijidanganye, ila kwa umri huo wengi wanashika lugha haraka kuliko wazazi. Ada shule za serikali za msingi hamna hata kwa wageni, mnalipia vifaa, inategemea na mtaa. Lakini sheria ya kumlazimisha mtoto kwenda shule haiwahusu wageni, maana yake hakuna atakayekufuata, we ndo uende ofisi ya kata kuomba nafasi. Utaenda tu pale maana anwani lazima muisajili ndani ya siku 14 baada ya kuhamia. Mwaka wao unaanza Aprili, na atawekwa na wa umri wake hata kama haelewi kitu. Uliza kama shule ina mwalimu wa kufundisha Kijapani kwa wageni, baadhi wanazo na baadhi hawana, na hilo likusaidie kuchagua mtaa wa kupanga nyumba. Mwambie mapema pia kwamba watafagia darasa wenyewe.

Na wewe baba, kule mtegemezi akiomba kibali anaruhusiwa kufanya kazi mpaka masaa 28 kwa wiki. Hong Kong mngekua huru zaidi, mtegemezi wa mwenye viza ya kazi anafanya kazi bila kibali kingine, ila kazi ya mke iko Tokyo basi ndo hivyo. Kwenye nyumba ukikuta hela inaitwa reikin ujue hiyo ni zawadi mnayompa mwenye nyumba, hairudi. Zipo nyumba zisizoitoza, zitafute.

Shangazi mambo! Tunataka kuhamia Chiang Mai Thailand mwezi wa pili, mtoto ana pumu lakini iko controlled. Vipi hali ya hewa? – Mama Pumzi

Poa. Mwezi wa pili hapana. Kuanzia Februari mpaka Aprili wanachoma mashamba na misitu kaskazini yote na nchi jirani, moshi unajaa bondeni na kuna siku huo mji unakua kati ya miji yenye hewa chafu kuliko yote duniani. Nendeni mvua zikishaanza, Juni hivi, na mpate chumba chenye mashine ya kusafisha hewa kabla ya msimu unaofuata. Muulize daktari wake kwanza, na kila mwaka miezi hiyo mpange kabisa kuwa sehemu nyingine, kusini baharini hewa ni nyingine.