Kichwa cha treni ndogo kinapendeza ila kinashtuka: nikinunue?

Swali: Habari za kazi, fundi. Niko Upanga. Kuna mtu anauza vichwa viwili vya treni ndogo za mvuke, vinavyoendeshwa kwa umeme, kipimo cha HO (moja kwa 87 ya treni halisi), vimetumika, vimetoka Ujerumani. Kimoja ni mfano wa kichwa cha mvuke cha Ujerumani cha aina ya 01. Kinapendeza hasa, kila ribiti inaonekana, ila kinatembea kwa kushtukashtuka. Cha pili kimechubuka rangi na waya wa kushikia pembeni ya boila umeng'oka, lakini kinateleza vizuri. Bei ni ileile. Nipime vipi kabla sijatoa hela?

Jibu: Nzuri, ndugu. Usikikatae cha kwanza kwanza. Kushtuka kuna aina mbili: moja inaisha kwa pamba na spiriti, nyingine inaweza kula hela kuliko kichwa chenyewe. Kazi yako ni kujua ni ipi.

Anza na reli. Kwa unyevu na vumbi la Dar, reli iliyokaa wiki mbili bila kutumika tayari ina utando. Futa kipande cha mita mbili kwa kitambaa cheupe chenye spiriti mpaka kitambaa kisitoke na weusi. Msasa usiuguse, maana mikwaruzo yake ndiyo inayoshika uchafu baadaye. Kisha laza karatasi laini iliyoloweshwa spiriti juu ya reli, weka nusu ya magurudumu juu yake na nusu nyingine kwenye reli tupu, shika kichwa kwa mkono, washa umeme. Magurudumu yatazunguka na kujifuta. Geuza upande, rudia, acha pakauke.

Sasa jaribio lenyewe. Weka nukta ya koreksheni kwenye ukingo wa gurudumu moja kubwa. Punguza umeme hadi volti 3 au 4, kichwa kitambae, nawe tazama nukta. Kikisita nukta ikiwa juu, mara ikiwa chini, mara pembeni, bila mpangilio, na taa inapepesa, hapo ni uchafu au vile vibati vya kukusanya umeme havigusi gurudumu sawasawa. Unavikunja kidogo, basi.

Kikisita nukta ikiwa palepale kila mzunguko, tatizo ni la chuma. Kigeuze chali. Kwenye mfano kama huu, pini za mikono inayounganisha magurudumu upande wa kushoto na wa kulia hupishana kwa nyuzi 90. Pini za upande mmoja zikiwa chini kabisa, penye namba 6 ya uso wa saa, za upande wa pili zote ziwe penye namba 3, au zote penye namba 9. Ukiona moja imesogea kidogo kuliko wenzake, gurudumu limeteleza kwenye ekseli na mikono inakaba. Kurekebisha kunawezekana, lakini kunataka kifaa cha kushikilia magurudumu kwenye pembe sahihi. Kwa jicho tu utaharibu zaidi.

Pini zikiwa sawa na bado unasikia "tik" moja kila mzunguko, shuku gia ya plastiki iliyopasuka kwenye ekseli. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kutanua nafasi kati ya meno mawili. Hiyo ni kuagiza gia nje, na kusubiri.

Mwendo nao una hesabu yake. Bandika selotepu mbili zikiachana mita moja, tumia saa ya simu, kisha gawa 313 kwa sekunde ulizopata: jibu ni kilomita kwa saa za treni halisi, kwa HO tu. Kichwa kizuri kikitambaa hutumia dakika nzima, yaani kama kilomita 5. Kwa umeme kamili, 01 halisi ilikuwa ya kilomita 120 hadi 130, kwa hiyo sekunde 2.5 zinatosha. Kikimaliza kwa sekunde 1.5 kimefika 209, kimeiacha hata SGR ya Dodoma na 160 zake. Hicho ni cha kuchezea watoto.

Kuhusu sura, ribiti zisikudanganye. Pima magurudumu makubwa kwa kalipa: ya 01 halisi yalikuwa milimita 2000, gawa kwa 87, upate 23. Watengenezaji wengine huyapunguza ili ukingo mnene upate nafasi. 22 navumilia, 20 sikubali. Kitazame kwa usawa wa macho, uone kama mwanga unapita chini ya boila. Pengo kati ya chumba cha dereva na kigari cha makaa likiwa dogo linapendeza, ila kwenye kona ya nusukipenyo cha milimita 360 vitagongana, basi kijaribu huko pia.

Lipo jambo moja la kukataa bila mjadala: fremu ya aloi ya zinki iliyovimba, kupinda au kuwa na nyufa ndogondogo. Risasi iliyochanganyika kiwandani huila kutoka ndani na hakuna gundi inayoizuia.

Angalia pia katikati ya tumbo. Ukikuta ulimi mrefu wa chuma, kichwa ni cha mfumo wa Märklin, kampuni ya Kijerumani, unaochukua umeme katikati ya reli. Magurudumu yake hayajatengwa kiumeme, na kwenye reli zako za kawaida kitapiga shoti.

Kwa hiyo: nukta ikisita ovyo, chukua cha kwanza. Ikisita palepale, omba bei ishuke au chukua cha pili. Ule waya uliong'oka unatengenezwa jioni moja kwa waya wa shaba wa milimita 0.4 na tone la gundi.