Mdundo mmoja, kazi tano

Swali lenu la wiki hii: je, albamu za mkusanyiko bado zina kazi, ilhali siku hizi kila wimbo unapatikana kwenye simu? Kwa waimbaji wengi ningesema hapana, kila mtu ajipangie orodha yake. Kwa prodyuza wa rege na dabu (rege iliyochanganywa upya, sauti nyingine zikizimwa na mwangwi ukiongezwa) nakataa kabisa, na shahidi wangu ni Arkology, mkusanyiko wa kazi za prodyuza wa Jamaika Lee “Scratch” Perry uliotolewa na kampuni ya muziki ya Island mwaka 1997. Ni CD tatu zenye nyimbo 52.

Prodyuza haonekani kwenye wimbo mmoja. Sikiliza “Police and Thieves” ya Junior Murvin, ya mwaka 1976. Masikio yote yanakimbilia ile sauti yake nyembamba ya juu, na Perry unampita bila kumsalimia. Lakini kwenye CD ya pili waliokusanya, wakiwemo Steve Barrow na David Katz, wameuweka wimbo huo pamoja na ndugu zake wanne, mmoja baada ya mwingine. Akishamaliza Murvin, anaingia Glen DaCosta na saksafoni juu ya mdundo uleule. Kisha Jah Lion anaghani. Kisha “Grumblin’ Dub”, ambamo besi na ngoma zinashika uwanja. Mwisho Murvin anarudi na maneno mengine kabisa, “Bad Weed”. Waimbaji wanapishana, mdundo haubadiliki, na kinachobadilika kila mara ni uamuzi wa mtu aliyeketi kwenye mikseri: nini kizimwe, nini kiachwe kielee, mwangwi uingie wapi. Hapo ndipo unamsikia Perry mwenyewe. Simu itakupa nyimbo hizo tano, lakini nani atakuambia kwamba ni za tumbo moja? Zina majina tofauti na wasanii tofauti.

Na kazi hiyo ilifanywa kwa vifaa vichache mno. Studio yake, Black Ark, aliijenga nyuma ya nyumba yake mtaa wa Washington Gardens, Kingston, mwaka 1973. Mashine yake ya kurekodia ilikuwa Teac ya njia nne tu, yaani sauti nne zinazorekodiwa kila moja peke yake kwenye utepe mmoja, wakati studio kubwa za Ulaya na Marekani zilikuwa na njia 16 au 24. Njia zikijaa, alizichanganya zote kuwa moja ili apate nafasi ya kuongeza kitu kingine, kisha akarudia tena. Kila akirudia, mvumo wa utepe ulizidi na sauti zikazidi kuyeyukiana. Fundi mwingine angeuona huo kuwa uchafu. Perry aliufanya kuwa hewa ya muziki wake, akaongezea mwangwi wa mashine ya Roland Space Echo na ule mzunguko wa sauti wa kifaa cha Mu-Tron unaofanya gitaa lisikike kana kwamba liko chini ya maji. Nimesikiliza rekodi nyingi za Kingston za miaka hiyo, na hakuna nyingine inayosikika hivyo.

Mkusanyiko huu una pengo, nami linaniuma. Limo kundi la Jamaika The Congos na wimbo “Congoman”, lakini hawamo Seke Molenga na Kalo Kawongo, wanamuziki wawili wa Zaire waliofika Kingston mwishoni mwa miaka ya 1970 wakarekodi Black Ark kwa Kilingala. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa Kongo tungeisikia kazi ile kwa masikio ambayo Mzungu hana: uimbaji tunaoujua tangu utotoni, umewekwa juu ya besi ya Jamaika. Albamu yao inabidi uitafute kivyake, na itafute kweli.

Kwa anayetaka kuanza, aanze na CD ya pili, aende mpaka “Police and Thieves”, asiruke hata moja kati ya zile tano. Na atumie spika zenye besi. Spika ya simu itamnyima nusu ya wimbo.