Mke wangu ana zamu ya usiku hotelini, nimwachishe kazi?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mfanyakazi wa serikali hapa mjini Unguja, nakaa Bububu, nna watoto wawili. Mke wangu yuko mapokezi kwenye hoteli moja Nungwi. Tangu atiwe zamu ya usiku nyumba haina raha. Anarudi saa mbili na nusu asubuhi, anakuta vyombo vya jana karoni, ananuna, hasemi. Mimi namsubiri aje amchukue mtoto mdogo, nachelewa kazini, tukionana ni maneno mlangoni. Wiki iliyopita nilimfokea mzee mmoja aliyefuata hati yake, nikapewa barua ya onyo. Barazani nako wanasema mwanamke wa hoteli hana nyumba. Mshahara wake ndio unaonunua matofali ya nyumba yetu Fuoni, lakini nshachoka. Nimwachishe kazi?*
*Baba wa Wawili*

Marahaba mwanangu.

Umeandika kama kwamba kazi ya mkeo ndiyo iliyokuja kukuvunjia nyumba. Hebu isome tena barua yako. Yule mzee alikukosea nini? Hajui Nungwi wala karo lako, kafuata hati yake tu, akalipishwa maneno ya mlangoni kwako. Kwa hiyo si kazi ya mkeo peke yake iliyoingia ndani. Ugomvi wa ndani nao umepanda daladala na wewe mpaka dirishani ofisini.

Na hayo hayajaanza kwako. Mwaka 1989 mwanasaikolojia Niall Bolger na wenzake walichapisha utafiti wa wanandoa 166 wa Marekani, walioandika kila siku kwa wiki sita yanayowapata kazini na nyumbani. Dhiki ya kazini, mtu awe mume awe mke, huingia naye nyumbani. Lakini wanaoubeba ugomvi wa nyumbani hadi kazini zaidi ni wanaume. Jengine walilolikuta ndilo ninalotaka ulikalie kitako: mwenzake akizidiwa kazini, mke ndiye mwepesi zaidi wa kujiongezea kazi za ndani ili ampunguzie. Mume si sana.

Sasa turudi kwenye vyombo. Umevitaja kwa nusu sentensi, kama kitu cha kupita. Vyombo vya usiku vililiwa na nani, na yeye usiku alikuwa Nungwi? Mtu kasimama kaunta usiku kucha anachekea wageni, kapanda gari zaidi ya saa nzima, anafungua mlango anakuta masufuria yenye ukoko na mume aliyevaa viatu tayari anatazama saa. Mie ningenuna zaidi yake. Vioshe usiku, kabla hujalala. Kama unaona haya, Bi Aisha aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia ahli zake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Imo katika Bukhari.

Ule ukimya usiufasiri kuwa dharau. Mwanasaikolojia Rena Repetti, pia mwaka 1989, aliwachunguza waongozaji wa safari za ndege huko Marekani. Siku zenye ndege nyingi na hali mbaya ya hewa walirudi nyumbani wakajitenga, hawataki maneno. Na mke au mume aliyewaachia nafasi, hasira zilipungua. Basi mkeo akiingia, salamu, chai, kitanda. Ada ya skuli na habari za mama yako zingoje jioni ukirudi, keshalala akaamka.

Kero yenyewe khasa, mwanangu, ni ule muda wa asubuhi, urefu wake saa moja na nusu. Wewe utoke saa moja, yeye aingie saa mbili na nusu, mtoto hana wa kubaki naye. Hapo ndipo mnapogombania. Mtafute dada yako, bibi ya mtoto, au jirani mtu mzima amshike mtoto muda huo, na umpe kitu kila wiki, usitegemee ujirani mtupu. Hiyo ni rahisi kuliko kuupoteza mshahara. Tena mkeo aulize kazini kama zamu zinaweza kupangwa kwa wiki, usiku wiki hii na mchana wiki ijayo. Aulize yeye. Wewe usimpigie simu bosi wake.

Kumwachisha kazi sikushauri, na katikati ya msimu ndiyo kabisa. Juni hadi Oktoba hoteli zimejaa, na Disemba wageni wanarudi tena. Ukifika masika, Aprili na Mei, nyingi hupunguza shughuli, nyengine hufunga. Mkalizungumze wakati huo mkiwa mmelala mkaamka. Na mkilizungumza, kumbuka matofali ya Fuoni ni ihsani yake. Matumizi ya nyumba ni juu yako wewe. Suratun Nisaa, aya ya 32, inasema wanawake wana fungu katika walichokichuma. Huwezi kula matofali yake halafu ukamtangazia kuwa kazi yake ni balaa.

Barazani nimekuweka mwisho kwa sababu nahisi ndiko kunakokuchoma zaidi. Hao wanaosema, hakuna hata mmoja atakayekulipia fundi. Lakini kama wewe mwenyewe una wivu na kaunta ile, mwambie mkeo kuwa una wivu. Si aibu. Ila usiuvishe wivu nguo ya vyombo na kuchelewa, maana atakuwa anatibu maradhi siyo.

Ile barua ya onyo ijibu kwa maandishi wiki hii. Kiri kumfokea mzee na kuchelewa, eleza kuwa ulikuwa huna wa kukushikia mtoto na sasa umepata, na mkeo usimtaje. Hati ya yule mzee, kama bado iko mezani kwako, mmalizie kesho asubuhi, umpigie simu aje kuichukua.